Nusu ya Bendi ya Mwalimu Reino

Mheshimiwa Rais wa Chuo chetu cha Kallio, Dakta Whitcomb, Ndugu Kamishna wa mashindano ya kanda, ndugu zetu wa Chuo cha Mtakatifu Brannoc, ambao leo tunawalisha na kesho tutawafunga, Mwalimu Reino Kangasniemi na Mama Lempi, wanabendi wetu, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana, hamjambo?

Mshereheshaji ameniomba niwe mfupi kwa sababu pasti zetu, hizi sambusa kubwa za nyama, zinapoa. Nitajitahidi, ingawa mke wangu pale mbele ameshaanza kucheka.

Mnanijua kama Duane Charbonneau, ninayewafundisha makipa wa hapa. Vijana huenda hamjui kwamba mara ya kwanza nilipofika mji huu nilikuja kama adui. Nilikuwa kipa wa Brannoc. Nilikuja kuchukua kombe la kanda, nikalichukua. Baadaye nikarudi kuchukua binti wa hapa. Baba mkwe anasema hilo la pili amekwisha kunisamehe. La kwanza bado analifikiria.

Tumekuja kumuaga Mwalimu Reino, ambaye kesho kwenye fainali ataongoza bendi yetu kwa mara ya mwisho. Lakini tusifichane, kuna jambo limekaa nasi mezani. Dakta Whitcomb ametuambia kwamba Jumatatu atatangaza kama nafasi ya Mwalimu itajazwa, au kama bendi itaondoka pamoja naye na nyimbo za uwanjani zitapigwa na mashine. Mimi si mtu wa kumfundisha Rais kazi yake. Mimi ni mdadisi tu, na kuna swali moja ambalo limenisumbua tangu nikiwa kijana mwenye meno yote. Naomba nilifikishe kwenu.

Mwaka ule fainali ilikuwa hapa hapa, Kallio na Brannoc, kama kesho. Sisi wachezaji wa Brannoc tulifika siku moja kabla. Basi la bendi yetu lilitufuata asubuhi yake, likakutana na dhoruba, likakwama kwenye kituo cha mafuta huko njiani. Theluji ilifika usawa wa madirisha. Wenzetu wakashinda humo wakila biskuti na kupuliza tromboni kuwafurahisha wauzaji.

Sasa, nyote mnajua taratibu zetu za hoki ya barafuni huku kaskazini. Kisahani tunachokipiga kwa magongo kinaingia wavuni, taa nyekundu inawaka nyuma ya goli, na bendi ya waliofunga inajibu kwa wimbo wa chuo chao. Bila wimbo ule, bao linakuwa kama halijakamilika. Kipindi cha kwanza tukafunga. Taa ikawaka. Halafu, kimya. Uwanja mzima umejaa mashati ya kijani ya Kallio, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Aliyefunga aliinua gongo lake juu, akaangalia huku na kule, akalishusha kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Je, ndugu zangu, mmewahi kushangilia peke yenu mbele ya watu elfu kadhaa? Msijaribu.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Reino akasimama mbele ya bendi yake, akapitisha mkono katikati yao, akawaambia wote wa upande wa kushoto wageuze mashati ndani nje. Wakadhani anatania. Hakuwa anatania. Akaenda kwenye chumba cha kuuzia tiketi, akapiga simu kile kituo cha mafuta, akaomba aimbiwe wimbo wa Brannoc. Kiongozi wa bendi yetu akauimba kwenye simu kwa sauti yote aliyojaliwa, Mwalimu anaandika noti nyuma ya mfuko wa bisi. Walipokaribia mwisho, laini ikakatika. Dhoruba ilikuwa imeangusha nguzo.

Mtu mwingine angefanyaje? Wimbo una mwanzo, una katikati, hauna mwisho. Mwalimu akautungia mwisho papo hapo, kwenye korido, huku watu wakimpita na soseji zao.

Kipindi cha pili tukafunga tena. Taa ikawaka. Na kutoka kona moja nyuma ya goli langu, nikasikia wimbo wetu. Nikageuka, na kipa hageuki. Niliona watoto wa Kallio, mashati ndani nje, mishono nje nje, wanautwanga wimbo wetu kana kwamba wamezaliwa nao. Ulipofika mwisho ukapanda mahali ambapo kwetu huwa unashuka. Nikajiuliza, huu ni wetu kweli?

Mashabiki wa Kallio waliwaka. Mzee mmoja wa safu za juu alimuuliza Mwalimu kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, “Reino, Lempi anajua kwamba una nyumba ndogo?” Na Mama Lempi, aliyekuwa anauza kahawa pale chini, akamjibu bila kugeuka, “Anajua. Ndiyo itakayokulipia deni lako la kahawa?” Mzee akakaa.

Kallio wakasawazisha, tukaingia muda wa nyongeza, ukaisha, tukaingia mwingine, tukafunga. Kombe likawa letu. Ile nusu ya bendi ikatupigia wimbo mpaka mwisho ule wa kubuni, na dada mmoja wa filimbi alikuwa analia, kwa sababu timu iliyofungwa ilikuwa yake. Alilia na hakukosea noti hata moja. Yupo humu leo, sitamtaja, lakini ndiye aliyenicheka nilipoanza kuzungumza.

Mwalimu alilipia. Nilisimuliwa baadaye kwamba kwenye duka la mikate aliuziwa mikate ya jana mpaka Pasaka, na wapo waliotaka afukuzwe kazi. Nilipohamia hapa nikaanza kumuuliza, kwa nini? Nilimuuliza tukiwa sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, akamwaga maji kwenye mawe ya moto mpaka nikakimbia. Nilimuuliza harusini kwangu, akasema kelele za upande mmoja zinamchosha. Mwaka mwingine akasema muulize Lempi. Mama Lempi akasema, “Mwanangu, mimi mwenyewe nangoja kuambiwa.”

Mwezi uliopita tulikuwa juu ya paa lake, tunasukuma theluji. Sikumuuliza kitu. Akasimama, akaegemea koleo lake, akasema hivi:

“Lile bao lenu la kwanza, palipokuwa kimya, nilimwona mama mmoja amesimama upande wa wageni. Anapiga makofi kwa nguvu zake zote. Lakini alikuwa amevaa glavu za sufu, Duane. Hakusikika. Nikaona siwezi kukaa na bendi nzima mbele yangu, na yule mama hasikiki.”

Kisha akaendelea kusukuma theluji.

Ndugu zangu, kati ya wazazi wa Brannoc ni mmoja tu aliyetangulia dhoruba ile, kwa gari aliloazima kwa jirani. Glavu zile alizifuma mwenyewe, za bluu. Alikuwa mama yangu. Sasa ni marehemu, na hakuwahi kuniambia kwamba siku ile alisimama peke yake. Nilikaa juu ya paa nikalia, na sioni haya kuwaambia.

Dakta Whitcomb, mwezi huu tuliijaribu ile mashine. Inapiga vizuri, sauti safi kabisa. Wageni walipofunga ikawapigia wimbo wetu, kwa sababu kidole kilibonyeza kitufe kisicho chenyewe. Tulicheka sote, na wewe ulicheka, nilikuona. Lakini nimebaki na udadisi wangu. Je, mashine ingemwona mwanamke mwenye glavu?

Leo mchana kiongozi wa bendi ya Brannoc, Bi. Odette Pruitt, alinishika mkono koridoni. Anasema mwisho ule wa kubuni ndio wanaoupiga mpaka leo. Ule wa zamani hakuna anayeukumbuka. Akanipa salamu za kufikisha, nami nazifikisha kama zilivyo: “Mwambie Rais wenu asihangaike. Mwakani mkikosa bendi, tutaleta yetu yote, na nusu tutawapa ninyi.”

Nilidhani anatania. Wale vijana wa Brannoc waliokaa meza za nyuma, hebu simameni tuwaone.

Mnaona mashati yao? Mnaona mishono?

Mwalimu Reino, inua kichwa uwatazame, ni kazi yako hiyo. Na wewe, Mheshimiwa Rais, ni wapigaji hodari hawa, tunawashukuru kwa moyo wao. Ila mwakani tukifunga, mimi ningependa tujibiwe na watoto wetu wenyewe.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Pasti zimepoa, lawama nipeni mimi. Asanteni sana.