Masanduku ya Mashua ya Rahmani

Siku ya nne baada ya tufani, Khatoon alipanda feri ya Likoni kurudi kisiwani. Alikuwa ametoka kumuulizia mumewe, aliyekwenda Vanga kununua mbata, zile nazi kavu, asipate habari yoyote. Nyuma yake, karani wa bandari, Nicodemus, alikuwa akibishana na Kasam, mwenye duka mtaa wa Kuze.

"Mbao zikiletwa na maji ni za aliyeziokota," alisema Kasam.

"La, mzee wangu. Kila kipande kiandikwe kilipoonekana, tujue mkondo unaelekea wapi. Ndivyo tulivyowapata watu wa *Rahmani*."

Khatoon aligeuka ghafla. Hiyo ndiyo mashua aliyopanda mumewe.

"Ndugu yangu, ni wazima?"

"Wote saba, mama. Masanduku yao yalionekana Nyali, kamba zimekatwa kwa kisu. Tukajua wameyatupa wenyewe kupunguza uzito. Tukaufuata mkondo, tukawakuta Kilifi, mlingoti umevunjika. Wanafika leo."

Khatoon alikaa kitako sakafuni, akilia na kucheka.

"Alhamdulillahi!" alisema Kasam. "Lakini mbao zangu sitoi."

"Utazitoa, mzee."

Feri ilipogusa gati walikuwa bado wanabishana. Khatoon aliwapita mbio, viatu mkononi.