Rula, Fundi wa Herufi Zilizonyooka

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Rula, alizaliwa tarehe 12 Machi 1971, kitindamimba wa mwashi na mshonaji. Baba yake alifariki mapema, baada ya miaka ya kuyumba njiani na kuitwa mlevi.

Alisoma mpaka darasa la saba. Alichapwa mara nyingi kwa kuchora kwenye madawati, kisha mwalimu yuleyule aliyemchapa akamwomba aandike jina la shule getini.

Kazi yake ilianzia hapo. Aliandika mabango ya maduka, mstari ukinyooka bila kipimo. Lakini kibao cha saluni moja alikaa nacho wiki nzima.

"We Rula, maneno mawili tu?" mwenye saluni alifoka.

"Rangi haijakauka, dada."

Ilishakauka zamani. Kilichomweka ni msusi aliyekaa karibu na mlango. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1998, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Mwaka 2014 herufi zake zilianza kupanda na kushuka. Mabega yakawa yanaruka yenyewe, vikombe vikamponyoka. "Rula imepinda! Punguza chupa!" vijana walimzomea, naye hakuwahi kuonja pombe. Mkewe akamvuta hospitali. Daktari aliwaeleza kwamba tunarithi kila kitu maradufu, nakala moja kwa mama, nyingine kwa baba. Kuna maradhi yanayojificha mpaka nakala zote mbili ziwe mbovu. Haya ya Rula hayajifichi, nakala mbovu moja inatosha. Yalitoka kwa yule baba aliyedhaniwa mlevi. Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyarithi.

Mkewe alisikia nusu, akapiga hesabu: wawili, basi mmoja. Kijana wao alipopimwa mwaka 2023 akakutwa salama, baba alilia kwa furaha. Mama aliingiwa na baridi, akamgeukia binti.

"Siyo hivyo, mama," daktari alimwambia. "Hawakugawana. Kila mtoto alirushiwa sarafu yake."

Alielewa, lakini hofu haikuondoka. Kijiko kikimponyoka binti akiosha vyombo, moyo wa mama ulilipuka.

"Mama, ni sabuni tu! Utaniangalia vidole mpaka lini?"

"Mpaka upime."

"Nitapima nikiwa tayari."

Baba, ambaye maneno yalishaanza kumgomea, akasema kutoka kitandani: "Mwache."

Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2024, kwa homa ya mapafu, mkewe na wanawe wakiwa pembeni yake.

Ameacha mama mzazi, mjane, mwana ambaye yuko salama, na binti ambaye hajapimwa. Mjane bado anaogopa, wala hafichi. Anaomba jambo moja: mtakapompa binti yake mkono wa pole leo, ushikeni tu, msiuchunguze. Utatetemeka. Amefiwa na baba.

Apumzike sasa, na mwili wake utulie.