Beseni Isiyokuwa na Mawe

Citoyen Commissaire wa Zone, citoyen Mkurugenzi wa materniti yetu, mapadri, wakunga, na ninyi mafundi wenzangu wa atelier: ninawasalimu wote, na zaidi Mama Ernestine, aliyekubali kuketi kati yetu.

Leo ninapoacha kazi mumenipa medali na mumenisifu sana, na zaidi mumesifu ile beseni. Ndiyo, ni mimi niliyeileta: maji ya ziwa ndani, sindano za shaba mahali pa vyuma vya kuzika, nyuzi nyembamba mahali pa waya kubwa, tujue mapema kama tere ya materniti, ile njia ya kutupa umeme mubaya ndani ya udongo, itauzuia kiasi gani. Tulipima beseni, tukapiga hesabu, tukapata oms ine tu; na oms zikiwa chache, umeme mubaya unaingia udongo upesi. Watu wakapiga makofi.

Muzee Kakule, muchimbaji wetu, hakupiga. Alisema: "Chef, beseni yako iko na maji tu. Huku chini nimevunja sururu mbili juu ya mawe ya volkano. Pima udongo wenyewe kwanza."

Nilimujibu nini? "Muzee, wewe chimba, mimi nitahesabu." Aparei ya kupimia udongo ilikuwa ndani ya kabati yangu. Lakini mukaguzi alikuwa anakuja kesho yake, nami nikaandika katika rejista: udongo umepimwa, oms ine. Nani angemuuliza chef? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Lakini aliyevunjika si mimi.

Kiangazi kilipofika, sanduku ya kuchemshia vyombo ilishika umeme, tere haikuutupa ndani ya udongo, na muuguzi Masika akaigusa. Niruhusuni nimuite kwa jina la ubatizo, kama ninavyomuita mama yake, hata kama sheria ya majina ya kiafrika hailipendi: Léocadie. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilipopima kisha maziko, aparei ilionyesha oms mia tatu na kumi.

Ripoti ya kifo chake ilisema alishika sanduku na mikono yenye maji, kwa hiyo kosa ni lake. Nilitia sahihi. Miaka tisa mama huyu anaambiwa kule sokoni Kituku, kati ya samaki, kwamba mutoto wake alijiua kwa uzembe. Je, medali hii nitaivalia juu ya shati gani?

Citoyen Commissaire, medali iko hapa mezani, pamoja na rejista na karatasi ya kipimo cha kweli niliyoificha. Ninaomba ripoti iandikwe upya, hata kama nitatoka hapa katikati ya magendarme.

Nimemaliza, na ninyi mulionivumilia mpaka hapa, asanteni. Mama Ernestine, mikono ya Léocadie ilikuwa na maji kwa sababu alikuwa ametoka kunawa, vile tulivyomufundisha.