Inspekta Ndevu Kajichubua

“Tangu lini Inspekta Ndevu akawa mweupe?”

Mama Pindo aliuliza akiwa amesimama mbele ya bango jipya, futi ya kupimia ikimning’inia shingoni, na benchi zima likajifanya lina shughuli kubwa ya kupuliza kahawa. Benchi lenyewe liliegemea ukuta wa duka lake la ushonaji, na bango lilikuwa ng’ambo ya barabara, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hajaliona. Mtaa mzima ulimjua Inspekta Ndevu, mbuzi mpelelezi wa katuni za zamani, yule aliyekuwa akimnasa mwizi kwa akili nyingi halafu anakula ushahidi kabla kesi haijasikilizwa. Sasa kampuni fulani ilikuwa inamrudisha kwenye televisheni, na yeyote aliyetaka kuweka sura ya mbuzi huyo kwenye bidhaa sharti apate kibali. Mama Pindo alikuwa ameomba cha mabegi ya shule. Afisa wa vibali alikuwa njiani kuja kukagua. Na dukani mabegi yalikuwa yamerundikana mpaka cherehani imekosa pa kupumua, kila moja na mbuzi wake aliyetariziwa kwa uzi. Mbuzi wa zambarau.

— Huyo si yeye, alisema Waya, fundi redio, ambaye hajawahi kushindwa kueleza jambo asilolijua. — Huyo ni mdogo wake.

— Mbuzi wa katuni ana mdogo wake?

— Kwa nini asiwe naye? Kwani mama yake alizaa mmoja akachoka?

— Acha porojo, Waya, akadakia Rufaa, karani mstaafu wa mahakama aliyepinga kila neno, hata ukimwambia habari za asubuhi. — Ni yeye mwenyewe. Kajichubua.

— Mbuzi!

— Umaarufu, mama. Ukishapanda kwenye mabango, rangi ya nyumbani unaionea haya.

Mama Pindo hakucheka. Alimtarizi mbuzi yule kwa kumbukumbu ya utotoni, ndevu kwa ndevu, kama alivyomwona akiwa amebanana na dada zake kwenye dirisha la sebule ya Rufaa, penye televisheni pekee ya mtaa. Leo aambiwe alikuwa akimwota?

— Na mnajua kibali cha dawa ya meno wameshakitoa? alisema. — Dawa ya meno, jamani! Mbuzi hana meno ya juu ya mbele! Wakaitana, wakakaa kwenye viti vya kuzunguka, wakanywa maji ya chupa, wakakubaliana kwamba pengo ndilo litangaze dawa ya meno. Halafu mimi wa mabegi ndiye wa kukaguliwa!

— Hapo umesema, Waya akaitikia. — Lakini hujaona mchezo wao. Uzi wa zambarau wameshaununua wote, wameuficha. Mwaka huu wanauza mweupe. Mwakani wanamtoa wa zambarau, wanasema “toleo maalumu”, begi moja bei ya ng’ombe.

— Uongo, alisema Rufaa, akasogeza kikombe pembeni kama anayetaka kutoa hukumu. — Yule ni shahidi. Amebadilishwa sura asitambulike.

— Shahidi wa nini tena?

— Mimi nimekaa masjala ya mahakama ujana wangu wote. Mafaili yalikuwa yanapotea. Mlidhani ni panya?

Waya akaomba kikombe kingine. Hilo lilikuwa zito hata kwake.

Ndipo afisa wa vibali alipofika, binti mwenye miwani na kishikwambi kifuani.

— Shikamoo, mama. Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

Akapewa begi. Akaligeuza, akavuta mshono kwa nguvu, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha akamtazama mbuzi.

— Mama, huyu ni nani?

— Inspekta Ndevu. Huyo wenu wa bango ndiye simjui.

— Mwongozo wa kampuni unasema mweupe. Amekuwa mweupe tangu siku ya kwanza.

Benchi likasimama.

— Tumemwona kwa macho yetu! alifoka Rufaa. — Kwenye televisheni yangu!

— Sawa, babu. Na mawingu yalikuwa rangi gani?

— Zambarau.

— Shati la msoma habari?

— Zambarau. Mtu nadhifu sana yule, hakubadilisha hata siku moja.

— Na majani?

— Meusi. Kiangazi kilikuwa kikali.

Binti alijiziba mdomo. Waya, fundi wa vitu hivyohivyo, akaanza kuchunguza kucha zake kwa makini ya ajabu.

— Napinga! Televisheni ile ilikuja na karatasi ya udhamini!

— Kaa, Rufaa, alisema Mama Pindo, taratibu. — Kaa tu.

Kwa kuwa yeye alishaelewa: mwenye ugonjwa wa rangi alikuwa televisheni ya Rufaa, si mbuzi. Aliyatazama mabegi mlangoni, shule zinakaribia kufunguliwa, na kila mbuzi akamtazama kwa jicho lilelile la mjanja aliyekwisha kula ushahidi. Kuyafumua yote? Ni afadhali aanze upya.

Afisa naye alikuwa bado ameshika lile begi. Alipitisha kidole kwenye zile ndevu za uzi, mara ya kwanza, mara ya pili.

— Mama, hebu niambie. Kama mngemwona mweupe tangu mwanzo, mngempenda hivi?

Waya alimtazama Rufaa. Rufaa alitazama ndani ya kikombe. Mbuzi weupe walipita mtaani kila siku ya Mungu, na hakuna mtoto aliyewahi kuacha mchezo akimbilie dirishani kuwatazama.

— Sijui, mwanangu, alisema Mama Pindo. — Kweli kabisa, sijui. Lakini nakuomba kitu kimoja. Kabla hujaandika hapana yako, ondoka na begi hili. Usilikunje, wala usilitupe kiti cha nyuma cha gari. Livae mgongoni, uingie nalo ofisini kwenu, uhesabu wangapi wataacha kazi kumtazama mbuzi.