Jina la Kazi ya Bienfait

Ukipanda Old Kampala kwa upande wa maduka ya zamani ya Wahindi, utakuta benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Wanaokaa hapo wanaliita Bunge. Kahawa ni ya mama mmoja, Joska, tangawizi yake inakwangua koo, na kelele ni za yeyote aliyewahi. Ijumaa hiyo Bunge lilikuwa na hoja moja tu. Kesho yake Bienfait, Mkongo anayefungua kufuli na vitasa kwenye baraza ya jirani, alikuwa anakwenda kutambulishwa ukweni, na kazi yake ilikuwa haijapata jina la kutajwa mbele ya wakwe. Na wakwe wenyewe ni polisi! Inspekta Komakech, baba wa mchumba wake Laker, alianza kukamata wezi Bienfait bado ananyonya. Sasa kamwambie mtu kama huyo kwamba anayemtaka binti yake hufungua milango ya watu bila ufunguo. Wiki nzima Bienfait hakupata usingizi wa maana.

— Semeni fundi tu, aliwaomba. Wateja wananiita hivyo.

Saverio, mwanajeshi mstaafu waliyemwita Sajini, ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa kesho, naye hakutaka hata kulisikia neno hilo. Shangazi yake Laker alichongewa kitanda na fundi, kikaanguka naye, na tangu hapo ameapa kwamba fundi haoi kwao. Fundi, alisema Sajini, ni mtu wa njoo kesho.

— Tuseme mtaalamu. Mtaalamu wa usalama.

Joska akaacha kumimina. Vita vilikuwa vimeisha miaka michache tu nyuma, na neno usalama bado liliwatia watu hofu. Ukimtaja mtu wa usalama penye wageni, alisema, nusu yao wataacha sahani na kuaga. Hapo Odoch, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akaleta neno bingwa. Sajini akamuuliza huyo bingwa amemshinda nani, na kombe liko wapi. Augustin, mwimbishaji wa kwaya kule Lubaga, akapendekeza daktari wa kufuli, akaambiwa wagonjwa wa ukoo mzima watapanga foleni kabla chakula hakijapakuliwa. Likaja gwiji, likaja mjuzi, likaja profesa. Hadi birika linakaribia kwisha, Bienfait alikuwa Profesa Mkuu wa Milango ya Afrika ya Kati, kasomea Ubelgiji, na Redio anauliza joho linakodiwa wapi.

— Nyinyi mtanikosesha mke, alisema Bienfait. Hakuwa anatania. Alimpenda Laker, basi, na aliona wazi jinsi watu hawa watakavyompoteza kwa kumtukuza.

Akatokea mzee mrefu aliyevaa koti zito jua likiwaka, mkono mmoja kauficha ndani. Sajini akaruka wima.

— Afande Komakech.

Kahawa ya Bienfait ikammwagikia magotini. Mzee alitazama barabara juu na chini, kisha akautoa ule mkono. Pingu. Upande mmoja umemkaba, wa pili unaning'inia. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba wajukuu waliokuja kwa ajili ya kesho walitaka kuona mwizi anafungwaje, naye akawaonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Ufunguo haukuonekana tena. Kambini kwa polisi wenzake haendi, watamcheka mpaka astaafu. Laker ndiye aliyemwelekeza hapa.

— Nani kati yenu anayajua mambo haya?

Bunge zima likamgeukia Bienfait. Alichukua waya wake. Alifumba macho, akapapasa ndani ya tundu taratibu, na pingu ikalia ta, ikaachia. Hakukuwa na mkwaruzo wowote. Mzee alijisugua kifundo cha mkono.

— Kijana, unaitwa nani?

— Bienfait, Baba. Ni mimi wa kesho.

— Na hii kazi yako inaitwaje?

Bienfait akamtazama Sajini, Sajini akamtazama Redio, na Redio akazimika.

— Basi kesho msijisumbue, alisema mzee. Nitasema mimi.

Jumamosi, nyumbani kwa wakwe, Sajini alisimama kifua mbele, akakohoa. Komakech akanyoosha mkono.

— Kaa chini, Sajini. Huyu ni fundi.

Shangazi akaanza kuinuka. Mzee akamgeukia bila haraka.

— Fundi wangu.

Shangazi akarudi kitini. Vigelegele vikapasua uwanja, Augustin akaanzisha wimbo kabla hajaombwa, na Bienfait akalia kwa furaha mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

Jumatatu Laker alipita kwenye benchi. Alifumbua kiganja, akampa Bienfait ufunguo mdogo mweusi wa pingu.

— Uufiche, alisema. Baba asije akauona.

Akaendelea na safari yake ya sokoni. Bienfait aliutazama ule ufunguo, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini vumbini. Joska akashusha birika, akawatazama wanaume wake mmoja mmoja.

— Haya, mabingwa. Na huyu Laker tumwite nani?