Karibu Kuliko Song-Köl

Wasikilizaji wapendwa, hapa Naryn asubuhi ya leo nimekaa mbele ya kipaza sauti na maneno yananipiga chenga. Tunamkumbuka Mama Sonunbubu, mchungaji wa kondoo, mama wa watoto wawili. Taalai, wa kiume, yuko kijijini kwao. Aizirek yuko Chicago.

Kutoka Bishkek, mji wetu mkuu, hadi Chicago ni zaidi ya kilomita elfu kumi. Ndege ya moja kwa moja hakuna. Unabadilisha Istanbul, unasubiri, na ukitua Bishkek bado una barabara ya milimani. Siku mbili, wasikilizaji. Siku mbili njiani.

Mama Sonunbubu aliicheka safari hiyo. Majirani wakimwonea huruma, aliwajibu, "Nyie, niacheni! Kuswaga kondoo hadi malisho ya Song-Köl ni siku nne kwa miguu. Binti yangu yuko karibu kuliko Song-Köl."

Vuli iliyopita alianguka akikanda unga wa boorsok, maandazi yetu. Upande mmoja ukapooza, sauti ikapotea. Taalai akampigia dada yake. "Aizi, mama anaumwa. Njoo upesi."

Desturi yetu mnaijua. Aliye mbali hapewi habari ya msiba kwa simu. Huambiwa kuna mgonjwa, aje, aipokee akiwa mikononi mwa ndugu. Baba yao alipofariki, Aizirek aliambiwa hivyo hivyo.

"Amekufa lini?" akauliza.

"Hajafa! Naapa, yu hai!"

"Hata kwa baba uliapa, kaka."

Picha ya video haikuvuta, mtandao wa kule juu tunaujua. Taalai akaiweka simu mdomoni mwa mama. "Msikilize anavyopumua."

"Hizo pumzi ni zako wewe." Akaangua kilio, akakata simu.

Shangazi wakaapa, majirani wakaapa. Kadiri walivyoapa ndivyo alivyozidi kulia. Nafasi ya kwanza kwenye ndege ilikuwa siku ya nne, na maiti haingojwi hivyo. Basi akakata tiketi ya kuja kwenye arobaini.

Mama Sonunbubu aliishi siku tisa. Siku tisa, na njia ni siku mbili. Taalai anasema kila mbwa alipobweka, mama aligeuza macho mlangoni.

Siku ya tisa Taalai akapiga tena simu. Anasema hakujua aanzie wapi, dada yake alikwisha kumlilia mama.

"Aizi, mama ametutoka."

"Najua, kaka."

"Leo. Ametutoka leo."

Poleni sana Taalai na Aizirek. Poleni ukoo mzima. Mungu amlaze mama yetu pema. Sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Nawe mwenye mtoto ng'ambo, mpigie leo. Mwambie: siku nikisema mgonjwa, ni mgonjwa kweli. Mimi nimempigia wangu kabla ya kuingia studio. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Baba, nani amekufa?"