Jembe la Aliyemaliza Kwanza

Sogeeni, wanangu, na wewe Fabiano acha kunipepea, mimi si jiko la mkaa. Miguu haina habari tena, na moyo umekaa tu, hauogopi wala haulii, kwa hiyo niacheni niseme.

Ng'ombe wawili na shamba la mtama hapa Mtinko ni vyako, Fabiano. Sanduku la vitabu ni la Damari, kwa kuwa ndiye aliyerithi chaki yangu, na pamoja na chaki amerithi kosa langu.

Nimefundisha Kondoa, nikafundisha Tabora, na kote niliitwa mwerevu kwa sababu mwenye chaki nilikuwa peke yangu. Nilipohamishiwa hapa, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, nikamkuta Isaka wa mzee Alute, mtoto anayemaliza hesabu kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Shamba la shule lilikuwa na magugu, nami nikaweka amri: anayemaliza kwanza achukue jembe akalime. Siku moja akasimama, "Samahani mwalimu, ile ya nne umekosea." Darasa likacheka. Nikatazama, kweli nimekosea. Nikamwambia, "Vizuri, leo lima matuta mawili."

Mnacheka? Hata mimi nilicheka, miaka mingi.

Muhula uliofuata Isaka akawa anamaliza wa mwisho, nami nikaandika kwenye ripoti kuwa akili imepungua. Mtihani wa darasa la saba hakuumaliza. Mkono ulikwisha kuzoea kungoja wenzake. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tulimtunza kwa jembe. Sasa anachunga mbuzi za watu huko Mgori, tukikutana ananiamkia kwa heshima zote, na shikamoo yake hainiumi, haiingii popote.

Damari, juzi ulinieleza kwa furaha kwamba yule mwanafunzi wako Stumai ametulia, hamalizi hesabu mapema tena. Hajatulia, binti yangu. Ameielewa ile amri yangu, maana nawe anayemaliza kwanza humwongezea kazi. Mpe hesabu usiyoijua wewe mwenyewe, kaa naye dawati moja, mwambie, "Sijui, tuitafute." Akikukosoa mbele ya wenzake, mpe chaki. Mtoto wa namna ile hahitaji mwalimu wa kumzidi akili; anahitaji asiyeona haya.

Maji... hapana, acheni. Mungu awape... awape watoto wa kuwakosoa. Damari, kesho mkiamka mkanikuta nimekwisha, usikae matangani. Fabiano atapokea wageni. Wewe nenda... nenda kwanza darasani.